NDEGE ILIYOTUA TURA

Najua nimepotea. Kuna aliyeniuliza kama nimefukuzwa kazi, na mwingine akataka kujua kama nimeoa kimya kimya. Hapana jamani. Nilikuwa likizo, nyumbani Tura, na nilikuwa naunda ndege.

Ndiyo, ndege. Subirini kwanza kucheka.

Kwa wasioifahamu Tura: ukitoka Dar kwa reli ya kati, ukishazipita Dodoma, Manyoni na Itigi, unaingia porini, na pori lenyewe haliishi upesi. Enzi za misafara wapagazi waliliita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, maana maji yalikuwa haba na chakula cha kununua hakuna. Ukilimaliza, unafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akielekea Kaze, ndiyo Tabora ya leo, na akaandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua". Weka mzigo chini. Wazee wa kwetu nao wanasema hivyo hivyo. Mtu aliyebeba frasila mbili begani tangu Ugogo, kama kilo 32 hivi, neno hilo hahitaji kufafanuliwa.

Mimi nimezaliwa hapo. Baba yangu ni seremala. Milango mingi ya pale kijijini, vitanda, madawati na meza ya mchungaji, vyote vimetoka mikononi mwake. Mwaka jana mama alifariki. Baba alikataa jeneza la kununua mjini. Aliingia karakana jioni akatoka alfajiri, na jeneza la mninga limekamilika, limepigwa vanishi. Tukamzika mama. Baba akarudi, akafunga karakana kwa kufuli, akakaa.

Mimi nilirudi Dar baada ya siku tisa. Gazeti halisubiri, si mnajua. Kila nikipiga simu, baba ananiambia hajambo. Dada yangu ndiye aliyenieleza ukweli: "Mdogo wangu, baba hashiki randa. Watu wanaleta kazi, anawaambia waende Tabora."

Mwezi ulipobaki mmoja kabla ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, nikaomba likizo.

Sasa, hiyo ndege ilitoka wapi? Ilitoka mtumbani, Karume. Nilikuwa natafuta koti, nikaona kwenye rundo la midoli boksi limekunjamana, limechorwa Boeing 737. Nikalifungua. Ndani kuna fremu za plastiki ya kijivu, na kwenye fremu vimening'inia vipande: nusu ya bodi ya ndege kulia, nusu kushoto, mabawa, injini, magurudumu madogo kama vifungo vya shati. Muuzaji akaniambia, "Bro, hiyo ukiweka betri inaruka." Haina hata pa kuweka betri! Alitaka elfu 15, nikatoa saba.

Kuna wenzetu duniani hii kwao ni burudani ya maisha. Kampuni ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939, na baadaye ikatoa ndege yake ya kwanza ya kuunganisha, Spitfire, ile ya vita ya Waingereza. Tangu hapo watoto na wazee wa Ulaya wanajifungia vyumbani na gundi. Sisi utotoni tuliziunda kwa mabua ya mtama na vipande vya ndala, na zilikuwa na faida moja: zikivunjika, shamba liko pale pale.

Nilinunua kwa sababu moja tu. Nilijua nitakaa wiki tatu na baba asiyesema, na mikono yangu ingehitaji kazi.

Basi nikapanda SGR hadi Dodoma, nikaunganisha na treni ya zamani, nikafika Tura na boksi langu ndani ya begi. Jioni nikatandika gazeti (la kwetu, samahani mhariri) juu ya meza barazani, nikaanza kupanga vipande. Baba amekaa kwenye kiti chake, hatua tano kutoka kwangu, anatazama njia.

Baada ya muda akauliza, "Nini hicho?"

"Ndege, baba."

"Ndege gani inakuja kwenye boksi?"

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. Nikamwambia, mbona meli ya Liemba ilikuja kwenye maboksi? Wajerumani waliiunda mwaka 1913 kule Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, wakaifungua tena yote, wakaipakia kwenye makasha 5,000. Ikaja kwa bahari hadi Dar, ikapakiwa kwenye treni hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kuingizwa majini Februari 1915. Wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. "Makasha yote hayo yalipita hapo," nikamwambia, nikionyesha reli. "Meli nzima imepita Tura ikiwa vipande."

Baba akafikiri. Kisha akasema, "Wao walikuwa na mafundi."

Wiki ya kwanza ndiyo hiyo. Yeye kwenye kiti, mimi mezani. Niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana nilidhani ni mchezo wa watoto, kumbe!

Kwanza, kipande haking'olewi kwenye fremu kwa kuvuta. Unakikata, mimi nilitumia kikata kucha, halafu unasugua kile kishina kilichobaki. Pili, gundi yake si ya kubandika kama tunavyobandika karatasi. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana ikidondoka mahali pasipotakiwa, imeshakula. Siku ya pili nilishika ubavu wa ndege na kidole chenye gundi, nikaacha alama ya dole gumba langu juu ya madirisha ya abiria, utadhani napiga kura ya zamani.

Baba aliona. "Mbao ukikosea unaranda tena," akasema. "Hiyo ukikosea?"

"Unapiga msasa, baba."

"Msasa upi huo?"

Nikamwonyesha. Akautazama kama anavyotazama kitanda cha dukani. "Huo wa kupigia mlango. Utaikwaruza mpaka itoke manyoya."

Akanyamaza tena. Lakini asubuhi yake nilikuta mezani kipande cha msasa wa maji, ule laini, umekatwa vizuri kwa mkasi, pembeni pana kikombe cha maji. Sikuuliza umetoka wapi. Kufuli la karakana lilikuwa limefungwa kama kawaida.

Nusu mbili za ndege zikiunganishwa hubaki na mstari mgongoni na tumboni. Usipouziba, rangi yote utakayopaka itauonyesha. Wenye pesa wana dawa yake. Mimi nilichanganya supagluu na poda ya mtoto, nikajaza, nikasugua. Baba akaja kusimama nyuma yangu. Akaniambia seremala naye ana siri hiyo hiyo: ufa wa mbao unazibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno wa mbao ile ile, ili rangi isije ikakusaliti. "Nani kakufundisha?" akauliza. Nikamwambia nimesoma mahali. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwona akifanya hivyo nikiwa na miaka sita, ila maneno yakanikwama.

Likaja suala la uzito. Ndege hizi zina jozi moja ya magurudumu mbele na jozi mbili nyuma chini ya mabawa. Ndege ya kweli imepigiwa hesabu. Ya plastiki ni tupu, kwa hiyo ukiiweka mezani inakalia mkia, pua juu kama mbwa anayeomba ugali. Dawa yake ni kuweka kitu kizito puani kabla ya kufunga bodi. Karatasi ya maelekezo ilisema hivyo kwa mchoro, na mimi, mwandishi ninayejidai kusoma kila kitu, nikauruka. Nilishafunga ndege nzima ndipo nikaiweka mezani. Ikakaa mkia.

Hapo baba alicheka. Wadau, sikuwa nimesikia kicheko kile kwa mwaka mzima. Kilikuwa kifupi, kikaishia kwenye kikohozi, lakini kilikuwa chenyewe.

"Lete hapa," akasema.

Akachukua kisu chake kidogo, akaifungua pua pale pale nilipounganisha, polepole, bila kuvunja kitu. Akaingia ndani, akarudi na misumari midogo na bonge la nta ya nyuki. (Tabora nta haikosekani, kila nyumba ina mtu mwenye mizinga porini.) Akaikata misumari vichwa, akaishindilia puani mmoja mmoja, akaigandisha kwa nta aliyoipasha moto. Kila akiongeza mitatu anaijaribu ndege juu ya kidole. Ilipofika 12, ndege ikashuka pua, ikasimama kwa magurudumu.

Niseme ukweli, ilisimama kwa magurudumu pungufu. La nyuma kushoto, la nje, halikuwepo. Nilitafuta kwenye boksi, begini, chini ya meza, mpaka kuku nikawashuku. Halikuwahi kuwepo. Elfu saba za mtumba, unategemea nini?

Nikasema basi, tutaiacha hivyo hivyo. Baba hakujibu.

Nikaanza rangi. Nilibeba kopo la rangi nyeupe ya kupulizia, ya magari. Rangi hiyo ukipuliza kwa karibu na kwa pupa inakula plastiki, kwa hiyo nilijaribu kwanza kwenye fremu tupu, kisha nikapuliza kwa mbali, tabaka jembamba, ikauke, jingine, ikauke. Kazi ya uvumilivu kweli. Katikati ya tabaka na tabaka hakuna cha kufanya ila kukaa. Basi tulikaa, mimi na baba, ndege imechomekwa kwenye kijiti kama mshikaki.

Nikamwambia nataka kuifanya ya ATC, ile ya zamani. Stika za ndani ya boksi zilikuwa za shirika la nje, na kwa uzee zilikuwa za njano, nilipoloweka moja kwenye maji ya uvuguvugu ilisambaratika vipande vipande kama ganda la yai. Hivyo kila kitu kitachorwa kwa mkono. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tukabaki na shirika letu wenyewe, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha likapata Boeing 737-200. Mkiani twiga. Nikamuuliza baba kama aliwahi kuiona.

Akasema hapana, Tabora alikuwa akiona Fokker tu. Ila Boeing aliisikia.

"Uliisikiaje?"

Akatazama ile ndege kwenye kijiti. Kisha akaanza kusema, na hakuacha mpaka jua likazama.

Ilikuwa Februari 1982. Alikuwa kijana wa miaka 20, anajifunza useremala Tabora mjini. Kwenye karakana kulikuwa na redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira. RTD ikatangaza kwamba ndege ya ATC iliyoruka Mwanza kwenda Dar imetekwa. (Niongeze mimi hapa, maana ni historia: ilitekwa tarehe 26 Februari, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi ikafika uwanja wa Stansted, Uingereza. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Tarehe 28 wakajisalimisha.) Kazi ikasimama. Mafundi, wateja, wapita njia, wote wakasongamana kwenye ile redio.

"Kulikuwa na msichana," baba akasema, "amekuja kuchukua kigoda cha bibi yake. Kigoda kilikuwa tayari tangu asubuhi. Nikamwambia bado."

Nikanyamaza. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na kazi hiyo imenifundisha pia wakati wa kufunga mdomo.

"Akakalia benchi langu, anasikiliza. Watu wanabishana, huyu anasema jeshi litaingia, huyu anasema Waingereza watapiga risasi. Yeye akauliza, sasa hao waliomo ndani, nani amewapa chakula tangu jana?" Baba akatikisa kichwa. "Watu wote wale, hakuna aliyewaza hilo. Nikamwambia kigoda njoo kesho."

"Akaja?"

"Alikuja siku tatu. Mpaka watu wakashuka kwenye ndege."

Yule msichana ndiye mama yangu. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, nimesomea chuo kikuu namna ya kuwafanya watu waseme, na sikuwahi kujua wamekutana vipi. Mama hakuwahi kunisimulia. Labda alimwachia baba.

Giza likaingia. Baba akainuka, akasema, "Alipenda mninga. Alisema unanukia." Akaenda kulala.

Usiku huo nililia, wadau. Sioni aibu kusema.

Asubuhi niliamshwa na sauti. Niliijua kabla sijafumbua macho: tupa juu ya mti. Nikatoka. Mlango wa karakana uko wazi, kufuli limening'inia kwenye komeo, na vumbi la mwaka mzima limepigwa na jua. Baba amesimama mbele ya jiliwa ameinamisha kichwa, miwani puani. Nikamwamkia. Akaitika bila kugeuka.

Alikuwa anachonga gurudumu. Niwape vipimo ili mnielewe: ndege ya kweli ina urefu wa mita 30 na nusu, hii yangu imepunguzwa mara 144, ina sentimita 21. Gurudumu lake ni milimita saba hivi. Mtu aliyezoea kutengeneza milango alikuwa anazungusha kipande cha mninga chenye ukubwa wa punje ya mahindi, akikilinganisha na magurudumu yale ya plastiki, anapuliza vumbi, anasugua tena. Vidole vyake vilitetemeka kidogo. Vilipotetemeka alisubiri vitulie, kisha akaendelea.

Nilitambua ule mti. Ulikuwa kipande kilichobaki cha mbao za mama. Sikusema, na yeye hakusema.

Lilichukua asubuhi nzima. Akalibandika mwenyewe. Nikamuuliza tulipake nyeusi kama mengine? Akasema hapana, acha mti uonekane.

Na twiga ni wake pia. Alichonga penseli yake ya useremala ikawa kama sindano, akamchora kwanza kwenye karatasi mara nne, kisha mkiani, kisha akamfuatisha kwa rangi na unyoya mwembamba wa kuku. Shingo imekuwa ndefu mno, karibu atoke nje ya mkia. Mistari ya rangi za bendera niliichora mimi na imepinda. Ukiiangalia kwa karibu utaona dole gumba langu bado lipo kidogo kwenye madirisha. Wale wa Ulaya wangetucheka.

Siku ya kumbukumbu tulisali, tukala, majirani wakaja. Watoto walijazana dirishani kuitazama ndege iliyowekwa juu ya kabati, karibu na picha ya mama. Mmoja akauliza, "Babu, imetua saa ngapi?"

Baba akamjibu, "Jana."

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Nilipoondoka karakana ilikuwa wazi lakini hakukuwa na kazi yoyote mezani. Siku ile ya mwisho alikuwa ananoa randa tu, kutwa nzima. Labda atairudia kazi, labda hapana. Tura ni mahali pa kutua mzigo, lakini wapagazi wale wa zamani hawakuishia pale. Walikaa, wakala, wakapumua, wakajitwisha tena kwenda Tabora.

Alinisindikiza stesheni. Treni ilichelewa, kwa hiyo tulikaa sana kwenye benchi, na safari hii ukimya haukunitisha. Ilipoingia, akanishika mkono.

"Hayo maboksi," akasema, "yapo mengine huko?"

"Yapo, baba. Nitakutafutia zuri, lenye vipande vyote."

"Aah," akasema. "Lete lililopungua."

Jumamosi hii nakwenda Karume. Tuonane wiki ijayo.